Nilivyousimika mtambo wa upepo nyuma ya mikaratusi

Wakuu, amani ya Bwana ikae nanyi. Mimi ni katekista mstaafu wa Pito, Sumbawanga. Haya yamenipata mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mke wangu ana kisukari. Insulini yake inataka ubaridi, na nguzo za umeme hazijafika kwetu. Tulikuwa na sola, ila siku za mawingu friji ilizima.

Nikawaza, Mungu ameipa Ufipa upepo wa kuezua mabati, kwa nini tusiutumie? Nikanunua mtambo mdogo wa kufua umeme, wenye mapanga matatu yanayozungushwa na upepo.

Sasa someni kosa langu.

Kwetu kitu cha thamani hukaa uani. Nikausimika uani, nyuma ya mikaratusi tuliyopanda mwaka tuliofunga ndoa ili ikinge nyumba. Miti ile huvuma mchana kutwa, nikadhani hapo ndipo penye upepo.

Wiki mbili mtambo uligeuka huku na kule kama mtu aliyepotea njia. Betri haikujaa. Chupa mbili za dawa tukazitupa.

Nikamwita fundi, binti wa Mbeya anayeuza vifaa vya sola mjini. Aliomba kanga kuukuu, akaichana, akafunga vipande kwenye ufito mrefu kuanzia chini hadi juu. Pale uani vilizungukazunguka tu. Alipoupeleka shambani, kule mwinuko ulipo, vyote vilinyooka upande mmoja. Akanieleza kwamba upepo ukipita kwenye miti unavurugika, na mapanga yanataka upepo ulionyooka.

Nikachukua shoka. Afadhali ife miti kuliko mama huyu.

Mke wangu akanisimamisha mlangoni. "Baba Yustina, miti imefanya kazi tuliyoipa. Aliyekosea ni wewe."

Fundi akainama kuficha kicheko.

Nikamkumbusha mke wangu kwamba kule shambani ni kwenye maharage yake.

"Yang'oe. Nitaomba ya jirani."

Wanajumuiya wakaja, tukahamisha mtambo. Tukavuta waya mnene, maana mwembamba ungepoteza umeme njiani.

Jumapili, tuliporudi kutoka misa, mama alifungua friji, akanigusisha chupa ya dawa shavuni. Ilikuwa ya baridi. Nilimshukuru Mungu pale pale jikoni, hata viatu sijavua.

Nilichojifunza: pima upepo kabla ya kuchimba shimo, na muulize mwenzio kabla ya kushika shoka.

Wenzangu wa Kasesya na kwingine kwenye upepo, ninyi mlisimika wapi? Upepo ukipungua mnafanyaje? Andikeni, nitasoma yote, taratibu, kwa miwani.