Mawimbi Yaliyokataa Kutulia

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mafundi wenzangu katika kiwanda cha majani chai wananijua: mota ikigoma, wananikabidhi bisibisi na kusogea kando. Tabia hiyo haikunisaidia hata kidogo niliposhika redio.

Nina leseni ya redio ya ridhaa, ya watu wanaorushiana mawimbi kwa kupenda tu, na kwa karibu mwaka mzima nilikuwa najaribu kumfikia mwalimu wangu wa zamani. Alinifundisha umeme chuoni, na alipostaafu akarudi kwao Siongiroi. Simu tulikuwa nazo, tena tulipigiana kila siku. Lakini tulitaka mawimbi ya masafa ya chini, yale yanayotambaa juu ya ardhi, yabebe ujumbe kutoka kwa mtambo nilioujenga kwa mikono yangu hapa Kericho hadi kwenye kompyuta yake. Ujumbe wenyewe ulikuwa alama yangu ya wito tu, yaani jina langu hewani, herufi chache na tarakimu moja. Ila hutumwa polepole, kwa karibu dakika mbili, na muda huo wote mawimbi hayafai kuhama. Hutetemeka karibu mara nusu milioni kwa sekunde. Yakipotoka kwa mitetemo mitatu minne tu, kompyuta haisomi kitu.

Yangu yalihama. Kinachoyaongoza ni kipande kidogo cha kristali, na kristali hupotoka joto linapobadilika. Chumba changu cha redio kimeezekwa mabati, na huku kwetu alasiri jua huwaka kweli kweli, halafu ghafla mvua ya mawe inashuka na chumba kinakuwa baridi. Saa tisa nikituma, mwalimu aliona kwenye skrini mstari uliopinda, bila herufi hata moja.

"Umepinda tena, kijana wangu," alizoea kuniambia kwa simu. Nina miaka hamsini na mbili.

Jumatatu moja aliniambia jambo jingine. Moyo ulikuwa ukimsumbua, na daktari hakutaka aendelee kuishi peke yake. "Binti yangu anakuja Jumamosi kunichukua. Nitakaa na yeye Nairobi." Huko ghorofani kwa binti hakukuwa na mahali pa kutundika waya wa antena, na umeme wa mji ungefunika kila kitu kwa kelele. Ama asome alama yangu kabla ya Jumamosi, ama asiisome kamwe.

Dawa niliijua. Kama huwezi kuzuia baridi, ipe kristali joto lake lenyewe. Nilichomoa kidhibiti joto kwenye mashine yetu ya kuangulia vifaranga, ambayo ilikuwa imeharibika, nikakiunganisha na rezista ndogo ya kupasha. Kilichobaki kilikuwa kitu cha kulifungia hilo joto lisitoroke. Nikiwa na haraka zangu nilizungusha macho jikoni, nikaona sotet, kibuyu cha maziwa cha mke wangu. Ganda nene, kifuniko kinachobana. Nikakisuuza kwa maji ya moto, nikatumbukiza kristali na vidude vyake, nikajiona mjanja.

Jumatano mawimbi yaliharibika kuliko siku zote. Sasa hayakupinda tu, yaliruka-ruka. Nilifungua kibuyu, nikafunga, nikafungua tena. Nilirusha koleo ukutani. Mke wangu akaja kuona kuna nini.

"Mzee, sotet yangu inafanya nini hapo?"

Nilimweleza. Alizitazama nyaya zilizotoka mdomoni mwa kibuyu, akashika kiuno.

"Hiyo nilitengeneza na makaa jana, ya mursik ya wageni. Na wewe umemwaga maji ndani! Hata haijakauka!"

Makaa. Kila kibuyu cha maziwa hapa kwetu husuguliwa ndani kwa kaa la mti wa senetwet ili mursik, maziwa yetu ya kugandisha, ipate harufu na ladha yake. Na kaa hupitisha umeme; nilifundishwa hivyo mwaka wa kwanza chuoni, na huyo huyo mwalimu. Nilikuwa nimelaza nyaya tupu juu ya makaa yenye majimaji. Lakini mtu aliyenywa mursik tangu utotoni hafikirii makaa anapoona sotet. Anafikiria maziwa. Niliona aibu, nikamwomba mke wangu msamaha, na siombi msamaha mara nyingi.

Aliondoka na kibuyu chake. Baadaye akarudi na lile kapu lake la kuweka chakula kisipoe, lililoshonewa matambara na sponji ndani.

"Weka humu," akasema. "Lakini ukishafunika, wacha. Wewe unafunua-funua sana. Ukifunua unatoa joto."

Alisema ukweli. Nusu ya ule mpindo ilikuwa mvua, nusu ilikuwa mikono yangu. Nilikausha vidude, nikavifungia kwenye kopo safi, nikazika kopo kapuni Alhamisi usiku, na Ijumaa nikampa mke wangu ufunguo wa chumba akae nao. Mtambo ulituma wenyewe saa tisa. Mawe ya mvua yalipiga mabati hadi sikujisikia nikiguna. Nilizunguka uani chini ya mwavuli kama mtu anayesubiri mke ajifungue.

Simu ikalia. Mwalimu hakunisalimu. Alianza kusoma alama yangu, herufi moja moja, pole pole, hadi ya mwisho.

"Umenyooka," akasema. "Usizime. Acha itume mpaka nitoke."

Jumamosi mchana binti yake alinipigia wakiwa njiani. "Mzee anauliza kama bado unatuma."

"Mwambie bado."

Nilisikia wakiongea, kisha binti akarudi kwenye simu. "Anasema aliangalia mpaka tukamtoa kwa kiti. Anasema sasa unaweza kuzima."

Nilisema sawa. Nikachukua ufunguo kwa mke wangu, nikaketi mbele ya mtambo, kidole juu ya swichi, nikamlilia mtu aliye hai, aliyeketi garini na bintiye. Ule ujumbe ulibakisha dakika moja hivi. Niliuacha umalizike, ndipo nikazima.