Kengele za Bati za Mama Paskalina

Aibu hii, hata sasa nimebaki kutafuna kwa fizi, bado inanichoma masikio, lakini wajukuu wamenisumbua niiandike, basi naandika, na mkicheka chekeni polepole kwa sababu mwenyewe bado nipo.

Ilikuwa zamani za Mwingereza, hapa Ifakara, mimi kijana mvuvi (shule nilifika darasa la pili nikaona mto una faida zaidi), na nimemposa Paskalina wa kule Lipangalala. Mshenga amekwenda, amerudi, jibu bado. Baba yake alikwisha kufariki, kwa hiyo neno lote lilikuwa kwa mama yake, na huyo mama sikuwahi kumtazama usoni, maana kwetu anayeposa na mama mkwe hawakutani macho, mkikutana njiani wewe unaingia majanini mpaka apite, ukiwa na neno unatuma mtu, na kumgusa ndiyo kabisa usiseme.

Akaja Mzungu mmoja, mgeni wa misheni, ana mashine ya kunasa sauti, unaijaza kwa mkono kama gramafoni, juu yake magurudumu mawili yanazunguka. Ngoma hakutaka, nyimbo hakutaka. Siku moja nampitisha na mtumbwi wangu mto Lumemo, maji yamejaa, akasikia kengele za shamba moja la mpunga pembeni ya mto: vipande vya bati, makopo matupu na misumari mikubwa, vimening'inia kwenye kamba ndefu ya magome iliyopita mti hadi mti mpaka kwenye dungu, kile kibanda cha miguu mirefu anakokaa mtu wa kuamia ndege, kuwafukuza wasile mpunga. Upepo ukivuma vinalia vyenyewe, bati zinaita kwa juu na makopo yanaitikia kwa chini (na ni kweli vilipendeza, sema sisi tulikuwa hatusikilizi), upepo ukilala mwenye dungu anavuta kamba.

"Nataka hiyo!" akasema mgeni. "Upepo tu. Mtu asivute, mtu asipige kelele. Shamba la nani?"

Lilikuwa la mama yake Paskalina. Ningesema sijui, leo nisingekuwa na cha kuandika, lakini nikavimba kifua: "La mama mkwe wangu. Nitamwambia, atanyamaza." Mama mkwe! Na posa haijajibiwa!

Nikamtuma Paskalina. Akarudi amejishika mbavu. "Mama anasema, mwambie huyo aliyejipa ukwe, kunyamaza nitanyamaza kwa heshima ya mgeni, ila ndege hawajaambiwa. Mpunga ukiliwa, na posa imeliwa."

Asubuhi yake tukaenda. Mama juu ya dungu, mimi na mgeni huku ukingoni, mimi nimempa mama mgongo kama adabu inavyotaka. Upepo ukavuma vizuri, kengele zikalia, mgeni kapiga magoti, kafumba macho kama anapokea komunyo, nami najiona bwana harusi tayari. Mara upepo ukakata. Kimya. Mgeni akanyoosha kidole: ngoja. Tukangoja. Kisha nikasikia vuuu, kundi la ndege kwelea, wametua kwenye mpunga kama mtu katandika mkeka, na kila suke walilokuwa wanalinyonyoa nikaliona ni Paskalina anaondoka kwangu.

Kumpigia mama kelele siwezi, mashine inazunguka, tena ni mkwe. Nikaona ncha ya kamba pale ukingoni, imefungwa mtini. Nikawaza nivute kidogo tu, mgeni adhani ni upepo. Nikavuta. Kling. Mgeni akatabasamu, ndege hata mmoja hakushtuka. Basi nikavuta kwa mikono yangu hii ya kasia, kwa nguvu zote, bado nimegeuza uso, na kumbe mama kule juu kamba kaizungusha kifundo cha mkono, kama wafanyavyo waamiaji wote.

Nikasikia "Yalaaa!" halafu pwaa, kwenye matope.

Adabu yote ilinitoka. Nilikimbia, kamba na makopo yake vimeninasa shingoni, napiga kelele "Mama weee! Mama mkwe, nisamehe, mama!" nikamshika mikono yote miwili nikamwinua, uso kwa uso, naye katapakaa tope mpaka kwenye nyusi.

"We kijana! Unanivua kama kambare?"

Na mgeni nyuma yetu, "Upepo! Nilisema upepo tu!"

Ndege walikimbia wote, hilo niseme. Lakini mashine haikukimbia. Jumapili baada ya misa watu wakakusanyika nje kusikia sauti ya kengele, mgeni akaifungulia, zikalia kling kling taratibu, kisha "Yalaaa!", kisha mimi, "Mama weee!", na kambare, na yote. Wazee walikaa chini kwa kucheka. Mama yake Paskalina alijifunika kanga uso mzima akaondoka, nami nikajua basi, kwisha.

Jioni Paskalina akaja mpaka nyumbani kwetu, hacheki.

"Mama amenituma. Anasema uso umekwisha kumwona, mikono umekwisha kumshika, na mama umekwisha kumwita, misheni nzima imesikia. Ukienda kuoa kwingine yeye ataificha wapi hiyo aibu? Ulete kuku wa kumwomba radhi, na uje uvune mpunga uliobaki."

Nikavuna mpaka mgongo ukagoma, nikaoa. Ila tangu siku ile, kamba ya mtu siigusi mpaka nigeuke kwanza nitazame nani kaishika upande wa pili, mkwe au si mkwe.