Lori Nililolikata Kwenye Picha

Kuna siku moja naikumbuka kila ninaposhika kamera, mwanangu, na kamera nimeishika tangu nikiwa na meno yangu yote.

Nilikuwa nimeacha juzi tu kupiga picha za harusi Karatina, nikajiita mtetezi wa misitu. Kichwa kilikuwa kimenivimba! Asubuhi hiyo nilipanda mlima huu kupitia Tetu hadi ukingoni mwa msitu. Nikamkuta nyanya mmoja, Cucu Nyaguthii, amesimama kando ya kisiki kibichi cha mtarakwa, mzigo wa kuni kavu mgongoni, ukanda kipajini. Pembeni, lori lilikuwa likipakia magogo ya mti huohuo. Alinikubalia nimpige picha, hata akapangusa uso kwanza. Kule kupangusa uso kunaniuma mpaka leo.

Kwenye chumba cha kusafishia picha nililitazama lile lori, nikaona linaniharibia kazi. Nikalikata. Gazeti likachapisha nyanya, kuni na kisiki, na juu yake maneno makubwa kuhusu watu wanaomaliza msitu. Nilinunua nakala tano, mjinga mimi.

Wiki iliyofuata nikampelekea moja, nikidhani atafurahi. Nilimkuta jikoni, mafiga yamepoa. Walinzi wa msitu walikuwa wamemnyang'anya kibali cha kuokota kuni, na kina mama wa kikundi cha miche, alichokianzisha yeye mwenyewe, walikuwa wamemwondoa uenyekiti. Aliipitisha kidole picha hadi ukingoni.

"Lori iko wapi?"

"Nilikata, Cucu. Ilikuwa inaharibu picha."

"Ati inaharibu picha." Hakupaza sauti. "Kwa hivyo lori iliharibu picha, na mimi na hii kuni yangu imekauka, sisi ndio tuliharibu msitu?"

Majuto ni mjukuu, lakini filamu bado nilikuwa nayo. Niliisafisha picha nzima, nikawapelekea walinzi. Jumapili, baada ya ibada, nikasimama mbele ya kina mama nikasema nilichofanya. Gazeti lilikataa kuichapisha, likasema habari imeshapoa. Kibali kilirudi. Kiti hakikurudi, maana kilikuwa kimeshapata mtu mwingine.

Cucu hakutaka pole yangu. Alinitwisha miche, akanipeleka kwenye kisiki kile, tukapanda mtarakwa mmoja pembeni yake. Yeye aliondoka duniani mti ukimfika kiunoni. Mimi huupiga picha kila mwaka, pamoja na chochote kilicho karibu, na sikati kitu.

Sasa wewe, mwanangu, una simu inayopiga picha mia kabla chai haijapoa. Unaupenda mlima huu, nami nafurahi. Lakini kuupenda mlima hakukupi ruhusa ya kumuumiza anayeishi chini yake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kabla hujaikata pembe ya picha, jiulize ni nani unayemficha pale, na ni nani atakayebebeshwa kosa lake. Na picha ikiwa tayari, mwenye uso aione kwanza, gazeti baadaye.

Mungu akupe jicho linalofika pembeni, na miguu ya kurudi pale ulipokosea. Na ukifika kisiki kile, mwagilia ule mti. Mwambie Cucu lori bado naliona.