Mbao za Bedford ya Mzee Gharibu

Mzee Gharibu wa hapa Kasulu ni msafi kupita kiasi. Kandambili zake huzisugua kwa brashi, na akija dukani kwangu hukifuta kiti kwanza ndipo akae, utadhani nauza mkaa. Usafi huo ndio uliotaka kumponza.

Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na lori aina ya Bedford aliloachiwa na baba yake, mfanyabiashara aliyetokea Ujiji. Gharibu alianza kama utingo wa baba yake, akaja kuwa dereva, na lori likabeba chumvi ya Uvinza na maharage ya Kibondo mpaka injini ilipokataa kabisa. Likabaki pale, kuku wakitagia chini yake. Mwaka huu mwanawe, Saady, akakitaka kiwanja hicho ajenge fremu za maduka. Akamwambia baba yake, kwa adabu lakini bila kuzunguka, kwamba mvua zikiisha wanunuzi wa vyuma chakavu watakuja kulikata.

Mzee alikonda. Lile lori alilipenda, na sioni aibu kusema alilipenda kama mtu. Akapata namba ya Venanti, msimamizi wa makumbusho ya magari ya zamani huko Arusha, akamtumia picha. Venanti alifurahi sana. Alieleza kwamba magari madogo ya wakubwa wanayo mpaka yanabanana, ila lori la kazi hawana hata moja, maana lori hufanyishwa kazi mpaka life, kisha likakatwa. Akaahidi kuja kulitazama, na likimfaa atalichukua.

Sasa kwetu mgeni akija unafagia ua, na binti akija kuposwa hatolewi na nguo za shambani. Mzee akafanya hivyo hivyo. Akaita fundi, wakang'oa bodi lote la mbao kuukuu, ubavuni na sakafuni, wakaweka mninga mpya unaonukia. Kichwa kikapakwa rangi ya mafuta ya kijani. Mtaa mzima tulimsifu.

Mbao za zamani alimpa Kezia, mkulima wa Titye. Kezia alizaliwa juu ya mbao hizo, mwaka sabini na mbili, wazazi wake walipokimbia Burundi na lori likawapakia mpakani kuwapeleka Kibondo. Mama yake, Esteri, alijifungulia njiani, Gharibu akiwa amemtandazia turubai juu asinyeshewe. Marehemu Esteri hakuacha kulisimulia jambo hilo. Kezia akatengenezea mbao zile kitanda cha mjukuu wake.

Venanti akaja, akalizunguka lori, akazigonga mbao mpya kwa kidole. Hatimaye akasema rangi inaweza kukwanguliwa, lakini bodi ndilo lililomleta.

"Mzee, nilifuata lori lililofanya kazi," akamwambia. "Hili halijabeba hata gunia moja."

Akataka zile mbao za zamani. Mzee akajibu kwamba amekwisha kuzigawa, na kitu alichompa mtu hakidai tena. Venanti akabembeleza, mzee akagoma. Mgeni akaondoka akisema mbao zikipatikana apigiwe simu.

Nilikasirika. Mimi sina haya ya namna hiyo, nikapanda bodaboda mpaka Titye nikamweleza Kezia. Yeye naye akawaka.

"Mama Yasmini, nimezaliwa pale," akaniambia. "Basi na mimi wanipeleke makumbusho."

Nikamwambia kwamba mzee hajui kama nimekuja, na kwamba mbao zisiporudi lori litakatwa kwa gesi. Kezia aliendelea kuchambua maharage yake. Nilirudi nikijua nimeharibu.

Kesho yake kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, ikasimama nje kwa mzee, imejaa mbao, na Kezia ameketi juu yake. Mzee Gharibu alishindwa kumtazama.

"Mwanangu, sikukuomba," akasema.

"Ego, ndiyo, hukuniomba. Ndiyo maana nimezileta."

Mzee akalia, mbele ya watu. Akasema alikuwa anaogopa kulisikia likikatwa. Kisha akajifuta uso, akaamuru mninga wote mpya ung'olewe upakiwe kwenye kirikuu, mtoto apate kitanda. Nikampigia Venanti simu mwenyewe.

Fundi alipomaliza kurudisha sakafu ya zamani, mzee alitoka ndani na ndoo ya maji, sabuni na ile brashi yake. Tabia haina dawa. Akapanda, akapiga magoti, akaanza kusugua kutokea mlango wa nyuma. Alipofika karibu na kichwa, Kezia akamshika mkono.

"Hapa usisugue, Mzee. Hapa ndipo mama alipolala."

Mzee akaitazama brashi. Akashuka taratibu, akaenda kumwaga maji kwenye migomba.