Mukono Yangu na Pikipiki ya Mama Sifa

Mukiona sura yangu imekauka, musiseme Papa Ramazani iko na hasira. Ugonjwa njo ulifunga sura. Ndani niko nacheka. Mukaribie kidogo, ju sauti nayo imepungua.

Mbele ya ugonjwa nilikuwa fundi wa pikipiki hapa Kabambare. Pikipiki ikikohoa kule ku kijiji cha Wamaza, mimi nikiwa kitandani najua ni buji ya kuwasha moto ao ni esansi chafu mu tanki ya mafuta. Shetani mwenyewe angekuwa na pikipiki, angeileta kwangu na angengoja nyuma ya watu wengine.

Ugonjwa ulianza ku pua. Siku moja bibi yangu, Zaina, anapiga kelele: "Weye! Esansi inamwagika nyumba muzima, hausikii harufu?" Sikusikia kitu. Kisha mukono wa kuume ukaanza kutetemeka. Nikiushikisha kazi, unatulia kidogo. Nikiuweka ku goti, unacheza ngoma peke yake. Chai nilikuwa nanyunyizia majirani wote mpaka ku soko. Miguu ikaganda. Choo ikakataa, tumbo ikawa jiwe. Nikilala, mate inatiririka kama ya mutoto anayeota meno.

Watu walisema nimelogwa. Mimi nilichekesha watu tu, nikaendelea kupokea pikipiki. Hapo njo nilikosa. Kufungua mashini, hata mukono mugonjwa unaweza. Kufunga njo kazi: bulo kadogo ka kukaza vyuma kanaanguka mu muchanga, nakaokota, kanaanguka tena.

Mama Sifa, mukunga wa Wamaza, aliniletea pikipiki yake. Nikafungua mashini yote. Kila akikuja ni ile ile:

"Papa Ramazani, pikipiki yangu?"

"Piyesi, kile chuma cha kubadilisha, iko njiani, mama. Inatoka Bukavu."

Hakukuwa piyesi. Nilikuwa na haya ya kusema mukono umenishinda. Akawa anaenda kuzalisha wamama kwa miguu. Basi kukawa mama mumoja wa mimba ya kwanza, mbali kule mu mashamba. Mama Sifa alifika amechelewa. Yule mama akapona. Mutoto, hapana.

Hakuna mutu alinishitaki. Zaina peke yake aliangalia mukono yangu, akauliza: "Piyesi ya Bukavu njo hii?" Kesho yake alinifunga na kitambaa cha kikwembe ku mugongo wa mwenye pikipiki ya kubeba watu nisianguke, tukaenda ku lupitalo, hospitali ya Kasongo.

Dokta akasema: "Papa, tembea. Sasa geuka." Niligeuka kama lori mu mulango wa jikoni.

"Ni parkinsoni," akasema. "Hakuna mutu alikuloga. Mu ubongo kuko chembe zinazoongoza mwendo wa mwili. Zako ziko zinakufa."

"Nani anaziua?"

"Papa, ndani ya kila chembe kuko uzi murefu, ADN, umebeba maagizo yote ya chembe. Kila siku unaharibika kidogo. Kuko vifundi vidogo, vinaitwa anzimi, vinautengeneza: kimoja kinakata fasi ile imeharibika, vingine vinajaza na kufunga. Wenye kuchunguza wanafikiri mu ugonjwa huu cha kwanza kinaweza kukata kupita kiasi, vingine visikifuate kufunga. Uzi unabaki wazi, chembe inaharibika. Lakini bado wanachunguza."

Nikafikiri anasema pikipiki ya Mama Sifa. "Dokta, nani alikuelezea mambo yangu?"

Dokta alicheka. Zaina hakucheka. "Kile kifundi hakina mudomo wa kusema kimeshindwa," akaniambia. "Weye unao, tena mukubwa."

Dokta alinipa vinini, dawa ya kumeza. Vikishika, nafunga vifungo vya shati yangu mwenyewe, natembea kama bwana harusi. Vikiisha nguvu, tetemeko linarudi. Kusema nimepona kabisa ni uongo, na uongo wangu wote nausikilia utamu, isipokuwa huo na ule wa Bukavu.

Nilienda kwa Mama Sifa mbele ya watu. Nikasema: "Mama, hakukuwa piyesi. Mukono ulishindwa, nikaficha." Kisha alikuja kuchukua pikipiki yake, vipande vya mashini mu beseni, akaisukuma mpaka kwa fundi mwingine. Hakugeuka.

Namushukuru Mungu, na dokta, na Zaina anayenipigia kelele saa ya kinini ikifika. Weye ambaye mukono wako unatetemeka ukiupumzisha, ao pua imekufa bila mafua, usitafute mulozi, enda lupitalo. Dokta akikupa kinini, usikiache katikati ju leo umeamka muzuri. Na kama kuko kazi ya mutu mu mikono yako na hauiwezi tena, umwambie leo, hata ukisikia haya.

Sasa Mama Sifa anapita tena na pikipiki yake. Juzi alipunguza mwendo, akasema: "Papa Ramazani, mwili namna gani?" Mimi, mwenye maneno ya kujaza Kabambare yote, nilimujibu machache tu: "Leo mukono unatetemeka, mama. Sikufichi."