Nanasi la Wenye Sukari

Nikisikia mtu anasema "tunda la wenye sukari," natamani kumziba mdomo. Juzi alikuwa mteja wangu, mama wa watu, amekuja kuchukua mapazia niliyomshonea. Nilimjibu vibaya mpaka akaondoka bila mapazia yenyewe. Na aende.

Mama yangu ana kisukari. Anaishi nami hapa Mkuyuni. Kliniki walimpa vidonge na maneno machache: ugali kidogo, mboga nyingi, tunda kipande tu, na miguu aitazame kila siku. Alikuwa anafuata vizuri. Aliyekuja kuvuruga ni shangazi yangu, dada wa marehemu baba, anayeishi ng'ambo ya ziwa, Sengerema. Alikuja siku niko kazini, na mfuko wa mananasi.

Jioni nakuta maganda jikoni na mama anajilamba vidole.

"Ni mbegu mpya hii," akaniambia. "Wataalamu wameitengeneza kwa ajili yetu wagonjwa. Haina sukari."

Nikaonja kipande kilichobaki. Ee Mungu wangu! Juisi ilinitiririka mpaka kwenye kiwiko. "Mama, huu utamu ni wa nini basi, wa chumvi?"

"Wifi yangu kavuka ziwa kuniletea. Ulitaka nimwambie nini?"

Hapo ndipo penye ugonjwa wetu, na hauna kliniki. Kwetu, alicholeta wifi hakikataliwi. Unakila mbele yake, unasifia, sahani inarudi tupu. Ukikataa, umemkataa yeye na ukoo mzima uliokuoa. Baba alikufa miaka mingi iliyopita, lakini mama bado anawaogopa mawifi kama bibi harusi wa jana.

Mananasi ya shangazi yalipokwisha, mama akaanza kuagiza mengine sokoni. Nikamfuata muuzaji mwenyewe, jamaa wa toroli, anapiga kelele asubuhi mpaka jioni: "Nanasi la wenye sukari, mbegu mpya!"

"Nani kakwambia halina sukari?" nikamuuliza.

"Dada, mimi nauza tu. Wanaopanda ndio wanajua."

"Na hili la upande huu?"

"Hilo la kawaida."

Yalikuwa yamelala pamoja, yanafanana kama mapacha. Nilimtukana. Sioni aibu kulisema. Huenda kweli kuna mahali watu wenye akili zao wanahangaika kuzalisha tunda lenye sukari kidogo, na Mungu awabariki. Lakini sukari kidogo ni sukari, na kwenye toroli la yule mwongo hata hicho kidogo kilikuwa maneno matupu. Watu waliokuwa wamesimama pale walinicheka, wakanunua.

Kisha mama akachubuka kidole cha mguu kwa kandambili mpya. Nikakiona kidonda kimeshakuwa cheusi.

"Mbona hukuniambia?"

"Hakiumi," akasema. "Kisichouma cha nini kukisema?"

Hospitali wakakikata kidole. Daktari alipomuuliza kuhusu vidonge, mama akakiri akitazama ukutani. Vidonge alikuwa ameviacha. Shangazi alimwambia nanasi lile linashusha sukari lenyewe, vidonge vitamwharibia figo bure.

Kesho yake shangazi akaja wodini. Na mfuko. Nikamkuta mlangoni kabla hajaingia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu."

"Huo mfuko hauingii humu."

"We mtoto! Unamzuia mgeni na zawadi yake?"

Mama akaita kutoka kitandani, "Mwanangu, acha. Usiniaibishe kwa wifi yangu." Kidole hana, bado anaogopa aibu! Basi nikalipuka. Nilipiga kelele wodi nzima ikageuka. Nikamwambia shangazi amemkata mama yangu kidole kwa mkono wake, na kama anataka na mguu, aseme tumlaze vizuri.

Shangazi yangu si mtu wa kutukanwa akakubali. Ana mdomo, ukoo mzima unaujua.  Siku ile alikaa tu kwenye benchi la pale mlangoni, mfuko mapajani.

"Sasa mimi ningemletea wifi yangu sumu?" akasema polepole. "Mimi mwenyewe ndilo ninalokula."

"Unakula wewe kwa sababu gani?"

Akauchomoa mguu kwenye kandambili. Kidole kikubwa kilikuwa kimefungwa kitambaa cha kanga, na kitambaa kimelowa. Harufu niliijua. Nilikuwa nimeinusa nyumbani kwangu.

"Na mimi walinipima wakasema ninayo," akasema. "Vidonge nikaviacha nilipolipata nanasi. Hiki kimekuja juzijuzi tu. Hakiumi."

Hasira yangu haikuisha, wala sitadanganya kwamba iliisha. Ilikosa tu pa kwenda. Nikamshika mkono, nikamwambia inuka, daktari yuko chumba cha mwisho. Akagoma. Kwanza apokelewe zawadi yake, akasema, hajawahi kurudi na mfuko kutoka kwa wifi.

Mama akajiinua kwa kiwiko. Tangu nipate akili sijawahi kumsikia akimkatalia wifi yeyote kitu chochote.

"Silitaki nanasi lako, wifi," akasema. "Nenda ukaonyeshe mguu."