Mahali pa Magunia

Nyumba yetu ya Ujiji ilikuwa na korido katikati na vyumba vinne: sebule, chumba cha wazazi, chumba chetu watoto, na chumba cha mbele ambacho hakikuwa cha mtu. Sisi wanne tulilala nyuma, kando ya mlango wa uani, pamoja na magunia ya dagaa aliyouza mama. Tulinuka dagaa hadi kwenye madaftari. Huko mbele kulikuwa na kitanda cha futi tano kwa sita alichokichonga baba mwenyewe, maana ni seremala, godoro likiwa bado ndani ya nailoni yake. Mlangoni kufuli. Cha wageni, alisema baba, na wageni wenyewe wala hatukuwaona. Nilikichukia chumba kile, na sioni sababu ya kuficha.

Mwaka niliomaliza darasa la saba, bibi mzaa mama alishuka kutoka Kalinzi na kidonda. Alikuwa amejikata mguuni kwa jembe akipalilia kahawa, akafunga majani, kikaoza. Daktari mjini Kigoma akasema kisafishwe kila baada ya siku moja kwa mwezi mzima, la sivyo mguu utakatwa. Basi ikabidi akae kwetu.

Baba alifungua kufuli. Alichana nailoni kwa mkono wake, akaagiza shuka jipya na ndala mpya. Mama mkwe wake huyo, ungetaka alale wapi? Na kwa kuwa kwetu mkwe haingii anapolala mama mkwe wake, tangu siku hiyo alimwamkia akiwa koridoni, macho chini. Sisi tulikatazwa kumsumbua. Chakula alipelekewa humo ndani, peke yake, samaki mzima wa mgebuka kwenye sinia.

Siku tatu bibi alikaa kwa adabu. Akiomba mchele auchambue, anaambiwa apumzike. Akitoka uani, analetewa kiti. Asubuhi ya nne tulikuta shuka limekunjwa vizuri, na yeye amekaa ukingoni mwa kitanda, kifurushi mapajani.

"Mmenipokea vizuri mno, mwanangu," alimwambia mama. "Sasa niende, nisije nikawachosha."

Mama alimbembeleza, wapi. Baba alisimama koridoni akihangaika na kofia yake. Hakuweza kubishana na mkwewe. Bodaboda ikampandisha Kalinzi na bandeji ya jana.

Kila tulipopiga simu alisema anaendelea vizuri. Baada ya wiki mbili mjomba akapiga yeye: kidonda kinanuka, na bibi hataki kusikia habari ya kushuka. Mama alikata simu, akaniita. Tulibeba magunia yote ya dagaa, moja moja, tukayapanga juu ya kitanda cha wageni. Nilifanya kazi ile kwa furaha kubwa.

Baba alirudi jioni, akasimama mlangoni akiyatazama.

"Na wageni je?"

"Hatuna mgeni," mama alisema. "Nina mama yangu."

Kesho yake mama alipanda Kalinzi. Alichomwambia bibi nilikuja kukijua baadaye: watoto wamenishinda, njoo unisaidie, ila nafasi hakuna, utabanana nao. Bibi akafunga kifurushi palepale.

Alilala chumbani kwetu, palipokuwa na magunia, kwenye godoro jembamba. Alikoroma. Alfajiri alituamsha kwa fimbo ya kutembelea, akiwaita kaka zangu waume zake wavivu, na kusema kwamba angejua asingekubali kuolewa nao. Mchele wa nyumba nzima aliuchambua yeye. Alikula nasi kwenye sinia moja na kutunyang'anya vichwa vya samaki. Mguu ulipona, isipokuwa vidole viwili. Hivyo daktari alivikata, vilikuwa vimeshakufa.

Hakurudi tena Kalinzi, ila kutembea tu. Majirani wakimuuliza kilichompata hata akachechemea, alikuwa anaonyesha chumba cha mbele kwa fimbo.

"Vidole niliviacha humo," anasema, bila kinyongo, "nilipokuwa mgeni."

Baba akiwa karibu, alisimama tu pale koridoni, macho chini.